Bati la Mwanga

Mwanamke alikuwa na hakika kwamba anapofuka, na hakumwambia mtu. Kwanza alikosa tundu la sindano mara moja, mara mbili, akasema ni uchovu. Kisha zipu zikaanza kumkimbia. Kitambaa cha sare ni buluu iliyokolea, zipu buluu iliyokolea, uzi nao vilevile, na mshono unatakiwa upite pembeni kabisa ya meno ya zipu bila kuyagusa. Miaka yote aliyokaa kwenye cherehani ile, mikono yake iliijua njia kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake. Sasa mikono inapotea, na mwenye mikono anakwenda kazini na kurudi na hofu yake kifuani.

Kiwanda kile kina utaratibu wake, na aliyeubuni Mungu anamwona. Nguo ikiharibika haipelekwi nyuma kimyakimya ikarekebishwe. Hata kidogo. Inatundikwa kwenye msumari juu ya cherehani ya aliyeishona, ikae pale mpaka jioni, kila apitaye aione. Wenyewe wanaziita bendera. "Leo una bendera?" ndiyo salamu yao ya adhuhuri. Na anayepeperusha bendera wiki nzima, Jumamosi anahamishiwa kwenye maboksi, kufungasha, ambako mshahara ni nusu na mgongo ni wako mwenyewe. Aliyekwenda kwenye maboksi hajawahi kurudi kwenye cherehani.

Kwa hiyo alikwenda kwa mpima macho bila kuaga. Mpima macho akamkalisha, akamwashia taa usoni, akamsomesha herufi kubwa na ndogo, akasema, "Dada, macho yako ni mazima kuliko yangu." Halafu akamuuzia miwani hata hivyo. Ya kupumzisha macho, alisema. Mwanamke akalipa, kwani ungefanyaje ukiwa na hofu? Siku iliyofuata akaiona zipu kubwa zaidi, lakini si safi zaidi. Sasa alikuwa anakosea kwa ukubwa.

Mama mkwe wake ndiye aliyeigundua ile miwani, ndani ya mkoba, alipokuwa akitafuta chumvi ya kusugulia fizi. Ndivyo alivyosema.

"Miwani? Mwanangu, unazeeka kabla yangu?"

"Ni ya vumbi, mama."

"Vumbi halina vioo vya unene huu." Akaijaribu usoni, akatazama ukutani. "Lo! Kofia ya mwanangu imekuwa sufuria."

Kofia yenyewe ilitundikwa sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Helmeti nyeupe. Mafundi wa sola wanavaa za njano. Nyeupe ni ya mkuu wa kikosi, na mumewe alikuwa ameipata kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya kubebeshwa reli na vyuma juu ya mapaa ya watu. Mtaani walimwita Fundi Jua. Kazi yake ya kwanza kama mkuu ilikuwa kufunga paneli juu ya paa la kiwanda kilekile cha sare, juu ya kichwa cha mkewe. Mwanamke alipoipata habari hiyo alitangaza ukumbi mzima. "Umeme wa kiwanda hiki utatoka mkononi mwa mume wangu," aliwaambia, na wakampigia vigelegele. Kumbe.

* * *

Aliyevunja ukimya alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Ni jina walilompa kwa sababu alikuwa wa kwanza kuingia kiwandani na ndiye aliyewafundisha nusu ya wanawake wale kushika mkasi. Alikaa cherehani ya jirani na mkewe Fundi Jua. Mchana mmoja aliinama, akanong'ona kama mtu anayeomba mkopo.

"Mwanangu, hebu nitilie uzi. Mikono inatetemeka leo."

Mwanamke akachukua uzi, akajaribu. Akaulamba, akajaribu tena. Akavaa miwani. Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia, ukapita kila mahali ila tunduni.

"Shangazi," akasema mwishowe, "hata mimi sioni."

Wakatazamana. Shangazi akafungua sanduku lake la vifaa na kutoa miwani mpya, bado ina kibandiko cha bei. Wa nyuma yao akawasikia, naye akatoa yake. Mwingine akasema yeye amekunywa dawa ya macho wiki nzima. Wa mbele alikuwa ameshaagana na ulimwengu. Alimwandalia dada yake usia. Mstari mzima ulikuwa umepofuka, kila mmoja peke yake, kila mmoja akificha asije akahamishiwa maboksi! Yule mpima macho naye alikuwa amejenga nyumba kwa miwani yao.

"Ngojeni," mtu mmoja akasema, na akafanya kitu ambacho hakifanywi katika ukumbi ule: akatazama juu. Mshonaji akitazama juu, Msimamizi humuuliza amepoteza nini darini. Lakini siku ile wote wakatazama.

Kwenye paa la kiwanda, kila baada ya mabati kadhaa ya chuma, kuna bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Bati la mwanga, wanaliita. Ndiyo taa za ukumbi ule, kwa sababu taa zenyewe Meneja alizipiga marufuku mchana tangu enzi. Sasa pale palipokuwa na mabati ya mwanga palikuwa na weusi. Yalizibwa moja leo, moja kesho, katika majuma ya mawingu, na macho ya watu yakazoea kila siku giza la siku ile.

"Nani kaziba?" akauliza wa mbele, aliyeandika usia.

Vichwa viligeuka taratibu, kimoja baada ya kingine, vikasimama kwa mke wa Fundi Jua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akasema. Mwingine akaongeza, "Si nguoni tu, kitandani." Wakacheka, na hakikuwa kicheko cha heri. Tangu saa ile jina lake likawa Mama Giza.

* * *

Alifika nyumbani na suruali yenye zipu iliyopinda, akaitupa mezani mbele ya mumewe kabla hata ya salamu.

"Hebu tazama."

Fundi Jua akaitazama. "Imepinda."

"Imepinda! Umeona, eh? Kwa sababu hapa kuna dirisha. Mume wangu, mmefunika mabati ya mwanga?"

Alitegemea aseme hapana. Au aseme ni bahati mbaya, ni vijana wake, ni wakubwa. Fundi Jua akaweka kijiko chini.

"Niliyafunika mwenyewe."

"Mwenyewe kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Michoro iliyaruka. Mimi nikasogeza reli zinazoshika paneli, zikapita juu yake."

Mwanamke akakaa. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, akaacha kuchambua.

"Unamkumbuka Mrefu?" mume akauliza. Nani asiyemkumbuka Mrefu? Fundi mwenzake, waliyeanza naye kazi. Alikanyaga bati la mwanga kwenye ghala moja. Limezeeka na jua, limejaa vumbi, ukiwa juu hulitofautishi na chuma. Likapasuka kama biskuti. Mpaka leo Mrefu anageuzwa kitandani na mama yake. "Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nikaapa, siku nikipewa kikosi, sitaacha bati lile wazi chini ya miguu ya mtu. Niliomba wavu wa chuma wa kutandika juu yake. Mhandisi wetu akasema wavu haumo kwenye bajeti. Nikasema basi, paneli zenyewe ndizo zitakuwa kifuniko. Vijana wangu wote wameshuka wazima. Na Mhandisi alipokuja kukagua alisema, 'Safi sana, zimejipanga vizuri kuliko kwenye mchoro.'"

"Na chini ya bati hukufikiri kuna nani?"

"Nilifikiri kuna taa."

"Miaka yote nimekueleza habari za kiwanda kile!"

"Umenieleza habari za Msimamizi, na bendera, na nani kamsema nani. Za taa hukunieleza."

Ukweli ni kwamba hakuwahi. Mtu haelezi mwanga wa jua nyumbani, unauelezaje? Lakini hili ndilo lililomkera zaidi.

"Haya, kayafunue."

"Uzinduzi ni wiki ijayo. Wageni wanakuja. Nikimwambia Mhandisi leo kwamba nilikiuka mchoro, kofia inarudi kwake kesho. Subiri uzinduzi upite, nitazungumza naye kwa utaratibu."

"Jumamosi hii nahamishwa, baba. Bendera zangu zinatosha kupamba harusi."

"Nitaongea na Meneja awashe taa."

"Mwanangu," mama mkwe akaingilia, na alikuwa akimwambia mkwe wake, si mwanawe, "mwanamume haangushwi kwa ajili ya zipu."

"Mama, zipu ndiyo iliyonunua hiyo mboga."

Mama mkwe akaitazama mboga, akaendelea kuichambua.

* * *

Taa. Jamani, taa! Ukumbi wenye paneli za sola kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kichwa chake, na watu wanaomba taa.

Mwanamke alianza na Msimamizi, kwa sababu kiwandani huruki ngazi. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuvunja glasi, na kwa kweli naye alikuwa haoni. Alikuwa anakagua nguo kwa kuzipeleka mlangoni. Lakini alisema, "Taa mchana? Unataka Meneja animeze mzimamzima?"

"Basi niruhusu nimwone mwenyewe."

"Mwone. Usinitaje."

Meneja alikuwa na ofisi yenye dirisha la ukuta mzima, na pazia alilolishusha nusu kwa sababu jua lilikuwa likimuumiza macho. Alimsikiliza akiwa amemsimamisha, maana kiti cha wageni kilikuwa na boksi la fulana za uzinduzi.

"Nisikilize, mama. Lengo la mradi huu ni nini?"

"Umeme, mkuu."

"Kupunguza matumizi ya umeme. Wageni wanakuja kuona matumizi yameshuka. Sasa mimi niwashe taa ambazo sijawasha miaka yote, halafu niwaambie nini?"

"Lakini umeme si utakuwa wa jua, mkuu? Wa bure?"

"Haujawashwa bado. Ukiwashwa tutaona." Akashika karatasi nyingine. "Na mumeo si ndiye mkuu wa kikosi? Kama kuna tatizo la paa, tatizo linapitia kwa mkandarasi. Mwambie mumeo amwambie Mhandisi aniandikie."

Akarudi kwa mumewe. Mumewe akampigia Mhandisi. Fundi Jua aliongea nje, akizunguka ndoo ya maji, na mkewe alimsikia kupitia dirishani akisema "ndiyo bosi" mara nyingi kuliko idadi ya maneno mengine yote. Kuhusu kusogeza reli hakugusia. Alisema tu ukumbini kuna giza kidogo. Giza kidogo! Mhandisi akasema hilo ni suala la mteja. Mteja alishasema ni suala la mkandarasi. Mpira ukarudi katikati ya uwanja, hakuna wa kuupiga.

Lakini Mhandisi hakuwa mtu mbaya, au labda alihofia kelele kabla ya uzinduzi. Asubuhi iliyofuata alimpa Fundi Jua taa moja ndogo ya mezani, inayochajiwa, yenye shingo ya kupinda. "Mpelekee mkeo," alisema. "Tuvuke hii wiki."

Fundi Jua akaingia ukumbini kwa mara ya kwanza maishani mwake, na helmeti yake nyeupe kichwani. Kutoka kwenye jua kali aliingia akipapasa, akagonga meza ya kukatia, akaomba radhi kwa mwanasesere wa mbao wa kupimia nguo akidhani ni mtu. Wanawake wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Angeelewa hapo hapo, kama si kwamba alikuwa na haraka ya kufurahisha. Akaifunga ile taa kwenye cherehani ya mkewe, akaiwasha. Duara la mwanga likaanguka juu ya zipu.

"Haya," akasema, anatabasamu. "Nani tena atakuhamisha?"

Kicheko kilikuwa kimekatika. Mwanamke alihisi macho ya mstari mzima shingoni mwake.

"Mwenye mume haambiwi giza," mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, si kwa sauti ndogo.

* * *

Siku mbili alishona bila doa. Bendera zake zikashuka. Akajichukia, na akashona, na akajichukia zaidi kwa vile alivyokuwa akishona vizuri. Pembeni yake Shangazi alikuwa akishona kwa vidole, akipapasa meno ya zipu kama mtu anayesali kwa tasbihi, na kila saa suruali nyingine ilipanda msumarini. Duara la taa liliishia kwenye ukingo wa meza yake. Lilitosha cherehani moja, si mbili. Mwanamke alishajaribu kuipinda shingo ya taa katikati, ikawa haimmuliki yeye wala mwenzake.

Alhamisi Msimamizi akapita, akazihesabu bendera za Shangazi kwa kidevu tu, bila kunyanyua kidole, akasema, "Shangazi, Jumamosi utawasaidia wa maboksi."

"Kusaidia mpaka lini?" Shangazi akauliza.

Msimamizi akaangalia pembeni. Yeye naye alifundishwa kushika mkasi na mwanamke huyu. "Wewe unajua utaratibu, Shangazi. Usinifanye niseme."

Shangazi hakulia. Alianza kukusanya vitu vyake sandukuni siku mbili kabla ya siku: mkasi, futi, kipande cha chaki. Miwani mpya akamnyooshea mkewe Fundi Jua. "Chukua. Maboksi hayataki miwani."

Mwanamke akasimama, akafungua kibano cha taa, akaifunga kwenye cherehani ya Shangazi. Akaikaza kwa nguvu mpaka kucha ikavunjika.

"We, unafanya nini?"

"Shona, Shangazi. Usinisemeshe, nitakutukana mtu mzima mwenzangu."

Na alikuwa amekasirika kwelikweli. Hakuwa akijisikia mwema hata chembe. Alikuwa amemkasirikia Shangazi kwa kuwa jirani yake, na Mhandisi kwa taa yake moja, na mumewe kwa tabasamu lake, na zaidi ya wote kicheko cha wenzake. Kufikia jioni ile alikuwa na bendera nne. Kufikia Ijumaa mchana hakukuwa na nafasi msumarini. Msimamizi akafuta jina moja akaandika jingine, akaguna.

"Ninyi wawili mnanichezea karata. Haya, Jumamosi ni wewe. Lakini mwenye taa ni wewe!"

"Si yangu. Ni ya kampuni."

* * *

"Taa nilikuletea wewe!" Fundi Jua alisema, na kwa mara ya kwanza katika habari hii akapaza sauti. "Wewe! Sikuileta kwa ajili ya ukumbi."

"Ndiyo ujinga wenyewe huo."

"Nimejidhalilisha kwa Mhandisi kwa ajili ya ile taa!"

"Na mimi nimedhalilika kwa ajili yake mbele ya kila mtu. Tumelingana." Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viatu mkononi. "Kesho niko maboksi. Shangazi ana mwezi mmoja kabla taa ile haijafa betri au mtu hajaiiba. Wengine watanifuata, mmoja mmoja. Halafu mtazindua."

"Nikifunua, mtu atakanyaga. Wewe hukumwona Mrefu. Mimi nilimwona. Nilichungulia lile tundu nikamwona chini, na alikuwa ananitazama."

Mwanamke akaviweka viatu chini.

"Basi sijui," akasema. "Kama ni mwanga wangu au mgongo wa mtu, mimi sijui. Lakini wanaojua wana madirisha, na wala hawaulizwi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni muda wote. Alikuwa na ule ukorofi wa wazee wa kunyamaza mpaka wote wachoke. "Wavu ulioomba," alimwambia mwanawe, "bei gani?"

Fundi Jua akamtajia.

"Na paneli moja?"

Akamtajia, na ilishinda ya wavu mzima.

Mama mkwe akasonya. Akaenda sebuleni, akaishusha helmeti nyeupe aliyoifuta vumbi kila siku, akampa mwanawe mkononi. Kisha akaenda kulala.

* * *

Jumamosi asubuhi Fundi Jua alipanda paani peke yake. Vijana wake aliwaambia waje mchana. Hakutaka mtu mwingine apoteze kazi kwa sababu yake. Alichomoa nyaya za safu iliyokuwa juu ya washonaji, akafungua vibano kwa spana, akaanza kuzivuta paneli moja moja kuzisogeza pembeni, kwenye mabati ya chuma. Paneli ile ni kubwa kama mlango na hubebwa na watu wawili. Kamba ya mkanda wake wa usalama ilifika bati la pili. Baada ya hapo ikamkaza kiunoni, haitaki kwenda. Akaitazama. Akaifungua.

Chini, mwanamke alikuwa amekuja ukumbini kuchukua mkasi wake kabla ya kwenda maboksi. Alisikia vyuma vikikwaruza juu. Halafu kipande cha mwanga kikaanguka mbele ya mstari, cheupe, kinachouma macho, na aliyeandika usia akapiga ukelele. Kikaanguka cha pili. Wanawake wakasimama wakipiga makofi, wakaanza kumwita, "Mama Giza! Mumeo huyo! Njoo uone mumeo!" Mmoja alikuwa akicheza na suruali kichwani. Msimamizi alifungua mdomo aseme warudi kwenye kazi, akatazama juu, akasahau alichotaka kusema.

Bati la tatu lilikuwa juu ya cherehani ya Shangazi na ya kwake. Likafunguka nusu. Na ndani ya ule mwanga mwanamke akaona umbo. Kiganja kwanza, kimebandikwa kwenye plastiki, kila kidole kinaonekana. Halafu goti.

Goti lilikuwa limeteleza kutoka kwenye reli. Lilikuwa juu ya bati lenyewe, na bati lilibonyea, na likatoa sauti ambayo wote waliisikia, kavu, kama mtu amekanyaga kijiti.

Makofi yakafa.

"Ondokeni chini!" mwanamke alipiga kelele. Alimvuta Shangazi kwa kola, akasukuma cherehani, akapanda juu ya meza. Alinyoosha mikono yote miwili juu, kana kwamba angefika. "Usisogee! Toa goti! Mume wangu, toa goti, tafadhali, tafadhali!"

Huko juu hakuna kinachosikika; upepo tu. Fundi Jua alikuwa ameisikia ile sauti kwa mfupa wa goti lake. Akalala kifudifudi. Akashika reli kwa mkono mmoja, akauhamisha mwili wake kidogokidogo, tumbo, nyonga, paja. Kivuli chake kikapita polepole juu ya nyuso za wanawake. Goti likanyanyuka. Kiganja kikaondoka. Likabaki bati tupu, lenye ufa kutoka pembe hadi pembe, na jua likawaka juu ya cherehani mbili.

* * *

Meneja alipiga kelele, bila shaka. Mhandisi akaja mbio na shati likiwa limechomoka kwenye suruali. Uzinduzi ukaahirishwa, paneli zile zitapangwa upya, na wavu, ule ambao haukuwamo kwenye bajeti, sasa umo, kwa sababu ufa wa bati ulionekana na kila mtu na Meneja alikuwa ameshaagiza fulana. Fundi Jua alivua helmeti nyeupe kabla hajaombwa. Mhandisi akamwambia akitaka kazi kuna ghala lingine, wanahitaji wabeba reli, na kofia ni ya njano. Akakubali. Kuhusu maboksi, Msimamizi alikagua zipu za siku ile pale pale zilipo, bila kwenda mlangoni, akalifuta lile jina aliloliandika. "Rudi kwenye cherehani yako," alimwambia mwanamke, "na usiniangalie hivyo, nina kazi."

Jioni waliketi watatu. Pale ukutani palibaki msumari. Mama mkwe alikuwa amewapakulia, na kwa kuwa hakuna aliyekula alianza kula chakula cha wote.

"Umeshona leo?" Fundi Jua akauliza mwishowe. Mikono yake ilikuwa na michubuko, na aliiweka chini ya meza.

"Nimeshona."

"Zipu zimenyooka?"

"Zote."

"Basi." Akajaribu kucheka. "Umepata mwanga wako."

Mwanamke akauchukua mkono wake kutoka chini ya meza, akaugeuza, akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Nilikuona kwa chini," akasema. "Vidole vyote. Nikaliona na goti."

Fundi Jua akajaribu kuurudisha mkono chini ya meza, mkewe hakuuachia.

"Haki ya Mungu, mume wangu, pale nilipokuwa juu ya meza, nilikuwa nakuomba urudishe giza."